Aliyevaa Masikio ya Njambi

Karibu na Barabara ya Luthuli, katika jumba moja la vibanda vya vioo, kati ya fundi wa simu na mwanamke anayeuza nywele za bandia, kuna kibanda chembamba cha Mahira. Majirani humwita Mama Masikio. Yeye hununua mashine za kusikia zilizokwisha kuvaliwa, huzisafisha kwa spiriti, humpelekea fundi wake azipime upya, kisha huziuza kwa watu ambao mpya hawaziwezi. Pamoja nazo huuza betri ndogo kama dengu, mirija, kofia laini za mpira na vibrashi vya kutolea nta.

Wengi wanaomuuzia ni wafiwa. Huja baada ya matanga, mara nyingi mtoto wa kike au mkamwana, akiwa amevifungia vitu vya marehemu kwenye karatasi ya shashi. Miwani ya marehemu hupata mtu wa kuirithi, hata viatu. Mashine ya masikio hakuna anayejua aifanye nini.

Kile kipande kinachoingia ndani ya sikio hakiuzi. Hicho hufinyangwa kwa sikio la mtu mmoja na hakimfai mwingine, kwa hiyo huwarudishia jamaa. Baadhi yao hukichukua. Wengi huusukuma mkono wake, hawataki hata kukitazama. Vilivyokataliwa huvitia katika kopo la maziwa ya unga chini ya meza. Siku moja mteja alilifungua akidhani ni peremende, akakuta masikio yamerundikana, ya rangi ya ngozi, madogo kwa makubwa. Alilifunika taratibu, akaaga, na hakurudi tena.

Mahira mwenyewe hasikii vizuri. Alizaliwa Mombasa, na alipokuwa darasa la kwanza homa kali ililiua sikio lake la kushoto, la kulia likabaki na kidogo. Mashine yake ya kwanza ilikuwa ya maalim mmoja aliyefariki mtaani kwao. Mjane wa maalim aliileta imefungwa kwenye pindo la leso, akamwambia mamake Mahira, "Mtie mtoto. Huko aliko haihitaji." Sauti ya kwanza iliyomwingia ilikuwa ya nguo yake mwenyewe ikisugua goti. Aligeuka haraka, akidhani kuna mtu nyuma yake.

Alikuja Nairobi kwa ndoa, ndoa ikamshinda, mji haukumshinda. Akapanga chumba Kabiria, na kwa kuwa watu walizoea kumwuliza alikoipata mashine yake, akaanza kuwatafutia na wao.

Hanunui kitu kabla ya kukivaa. Hutoa yake, huweka ya marehemu sikioni, kisha hutulia. Kila mashine imepangwa kwa upungufu wa mwenyewe. Kilichompotea ndicho inachokiongeza. Kwa hiyo kuivaa ni kuusikia mji kama alivyousikia yeye. Ipo iliyomletea ndege wa mbali ikazifuta kabisa sauti za wanaume. Ipo iliyofanya kila kijiko kilie kama kengele. Mara nyingine hukaa hapo na sikio la mtu asiyemjua, akisikia wauzaji wa Luthuli wakiita wateja, na humjia wazo kwamba mwenyewe amesimama karibu, anasubiri arudishiwe. Huitoa mashine sikioni, akakifuta kijasho cha shingoni, akaendelea na kazi.

Mwaka jana, katika baridi ya Julai, alipata ujumbe kwa simu. Anapendelea ujumbe kuliko kupigiwa. Huu uliandikwa kwa adabu sana: "Habari dada. Mama yetu alipumzika. Ameacha mashine za masikio, ni nzuri, hazijakaa sana. Ukipata nafasi njoo uzione. Waithaka, Lavington."

Alikwenda kesho yake asubuhi. Ilikuwa nyumba kubwa nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme, nyasi zimekatwa vizuri, na gari moja limefunikwa turubai. Waithaka mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, sweta ya kijivu, sauti ya chini hivi kwamba Mahira alilazimika kumsoma midomo.

"Pole kwa msiba," Mahira alimwambia.

"Asante. Ni mapenzi ya Mungu."

Alimketisha sebuleni. Msichana wa kazi, Munyiva, alileta chai, akaiweka mezani bila kumtazama mgeni usoni, akatoka. Waithaka akasukuma kisanduku cheusi. Ndani mlikuwa na mashine mbili za kijivu, ndogo, safi. Kulikuwa na nafasi moja tupu kwenye sponji, yenye umbo kama la kidole gumba.

"Hapa kulikuwa na kipaza sauti," Mahira alisema. "Kile kidogo cha kubana kwenye nguo. Anayezungumza huvaa, na mwenye mashine humsikia hata akiwa chumba kingine."

"Hicho kilipotea zamani."

Mahira alitoa mashine yake, akaiweka mapajani. Kukawa kimya. Akavaa ya kulia ya marehemu. Sebule ikafunguka: saa ya ukutani, jokofu likinguruma, mlio wa kikombe cha Waithaka kikigusa kisahani. Zilikuwa sauti nzuri, laini. Akabonyeza kitufe kubadilisha mpangilio, kama afanyavyo siku zote. Saa ikarudi nyuma kidogo. Akabonyeza tena.

Sebule yote ikatoweka.

Mahali pake pakaja pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu mzima, nzito, yenye mkwaruzo mwishoni, na ilikuwa ndani kabisa ya sikio kama mtu aliyelaza kichwa begani mwake. Kitambaa kikasugua. Halafu kucha ikagonga mara mbili, polepole, ikanyamaza, ikagonga tena.

Mahira alimtazama Waithaka. Alikuwa akinywa chai. Midomo yake ilikuwa kwenye kikombe.

Sauti ya kike, ya kizee, ikanong'ona kwa Kikuyu. Mahira anakijua kidogo cha sokoni, lakini hapo alichokishika ni jina peke yake, limesemwa kama swali.

"Nyokabi?"

Kikafuata kimya, halafu ile pumzi.

"Nyokabi?"

Aliivua mashine. Alipoirudisha yake sikioni, Waithaka alikuwa anamwuliza jambo.

"Nasema, zinafanya kazi?"

"Zinafanya kazi," Mahira alijibu. "Nyumbani mko nani na nani?"

"Mimi na msichana tu. Familia yangu iko nje ya nchi."

Wakaelewana bei. Mahira alitaka kutoka mahali pale, na njia ya haraka ilikuwa kununua. Njiani kuelekea lango hakuweza kujizuia, akaivaa tena ile mashine. Sauti ilikuwepo bado, ikisema kitu kirefu, kwa upole, kama mtu anayebembeleza. Alivyozidi kuikaribia barabara, sauti ikaanza kukatika. Alipopita lango ilikuwa inakuja vipande vipande. Hatua chache baadaye haikuwepo, ila mtunza bustani wa nyumba ya pili akifagia majani.

Hakuziuza zile mashine. Aliziweka kwenye droo, akafunga, na kwa siku kadhaa alifanya kazi akiwa amekaa upande wa pili wa meza. Alisoma dua alizozijua. Nyumbani Kabiria alivua mashine yake mapema kila jioni, akalala ndani ya kimya chake mwenyewe, maana ndani yake hakuna mtu mwingine awezaye kuingia. Lakini hata huko ile pumzi aliikumbuka. Kilichomsumbua si kwamba marehemu amezungumza. Kilichomsumbua ni kwamba aliuliza swali, akangoja.

Hatimaye alizipeleka kwa fundi wake, Abdulrauf, ambaye ana chumba cha kupimia masikio ghorofa ya juu huko Eastleigh. Abdulrauf aliziunganisha na kompyuta, akatazama, akasema, "Hizi zimefungwa na kipaza sauti. Hujapewa?"

"Ameniambia kilipotea."

"Basi kimepotea kikiwa na chaji. Ulisikia nini?"

Akamweleza. Abdulrauf hakucheka. Aliiweka kalamu mezani.

"Mahira, kipaza sauti hiki hakihifadhi sauti. Hakina kumbukumbu. Kinachukua kinachosemwa saa hiyo hiyo, na hakifiki mbali, ni kama kutoka hapa mpaka mwisho wa ujia. Na betri yake haikai, lazima mtu aichaji kila siku."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliyesema alikuwa pale pale nyumbani. Na yuko hai."

Mahira anasema hapo ndipo alipoogopa kweli. Mpaka dakika ile alikuwa na hofu ya kawaida, ile ya kuachiwa Mungu. Sasa alimkumbuka yule mtu mpole aliyesema "ni mapenzi ya Mungu" huku mamake akipumua nyuma ya ukuta.

Alirudi Lavington siku ya kazi, baada ya saa nne, akitumaini Waithaka atakuwa ametoka. Alikuwa na kisingizio: anatafuta waya wa chaji. Kabla ya kufika langoni alisimama kando ya ukuta, akavaa mashine zote mbili za kijivu, akabonyeza kitufe mpaka upepo wa barabarani ukazimika.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Akatembea kufuata ukuta. Kisha ile pumzi ikaja, na safari hii ikashtuka. Kucha ikagonga.

"Taa imewaka," sauti ikasema, kwa Kiswahili. "Najua umevaa. Taa ya kijani huwaka mtu akivaa. Ile siku nilidhani ni msichana wangu Nyokabi, nikaongea Kikuyu. Leo sijui wewe ni nani kwa hivyo naongea hii ya kila mtu."

Mahira alishika ukuta.

"Wewe uliyevaa masikio yangu. Kama uliiba, sina neno na wewe. Kama ulinunua, hukujua. Mimi ni Njambi. Sijakufa. Niko chumba cha nyuma, kwa wafanyakazi. Watu wakiongea naona midomo tu. Siwezi kusikia hata kama unanijibu. Kwa hivyo usinijibu. Kuja tu."

Akatulia, akavuta pumzi, akarudia maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Mahira akajua kwamba ameyasema mara nyingi sana, taa ikiwa imezimika, akijizoeza.

Munyiva ndiye aliyefungua lango. Alipomwona Mahira uso wake ulibadilika. Mahira alimsoma midomo.

"Mwenyewe hayuko, madam."

"Najua. Nimekuja kumwona Njambi."

Munyiva alitazama barabara, kulia na kushoto. "Nani amekuambia hilo jina?"

"Mwenyewe."

"Cucu, huyo bibi mzee, haongei na mtu. Tumeambiwa akili yake imeenda. Ukimwuliza jina anakujibu mambo ya ng'ombe."

"Kwa sababu hakusikii, dada. Ananiambia mimi. Sasa hivi ananiambia." Akavua mashine moja, akampa. Munyiva aliishika kama mtu anayeshika kaa la moto, akaisogeza karibu na sikio lake. Kofia ya mpira haikuingia vizuri, lakini ilitosha. Mahira alimwona akisikiliza, macho yakimtoka taratibu. Siku zote zile alikuwa akimpelekea yule mama uji na chakula, na hakuwahi kusikia sentensi yake moja nzima.

"Nikifungua huko," Munyiva alisema, "kazi yangu imeisha."

Munyiva alimrudishia mashine, akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa ufunguo, akatangulia.

Walipita jikoni, wakavuka uwanja mdogo wa kuanikia nguo. Kadiri walivyosogea, sauti ilizidi kuwa nzito. Karibu na mlango Mahira aliisikia mara mbili: moja ikija kupitia mbao, hafifu, nyingine ndani ya sikio lake, kubwa, kila mate yakimezwa. Kufuli ilikuwa kwa nje.

Njambi alikuwa ameketi kitandani amevaa koti na kofia ya sufu, mwanamke mdogo wa mwili, amenyooka mgongo. Kipaza sauti kilikuwa kimebanwa ndani ya ukosi wa koti. Waya wa chaji ulitoka chini ya godoro. Alimtazama Mahira usoni, kisha akatazama masikio yake, akaacha kuzungumza katikati ya neno.

Mahira alizivua. Papo hapo dunia ikafungika. Hata yake hakuwa ameivaa. Akamwona yule mama akizipokea kwa vidole vilivyozoea, akiingiza ya kulia, kisha ya kushoto, akibonyeza kitufe. Midomo yake ilianza kwenda. Akanyoosha mkono akamgusa Mahira shavuni, akasema kitu, na Mahira hakukisikia. Alikuwa anapapasa mkobani akitafuta sikio lake, machozi yamemziba, na mpaka leo hajui kilichosemwa. Hakuuliza. Munyiva alikisikia, lakini naye hajamwambia.

Alipoweza kusikia tena, Njambi alikuwa tayari amefika kwenye mambo ya kufanya.

"Mtafute Nyokabi. Yuko Dagoretti, karibu na soko, duka la dawa za mifugo. Amekatazwa kuja. Ameambiwa sitaki kumwona."

"Twende sote sasa hivi, mama."

"Hapana. Nikitoka na mtu mgeni watasema nimeibiwa, au nimepotea. Nitatoka na wangu. Wewe niachie masikio na unifungie."

Hilo la kumfungia lilimshinda Mahira. Munyiva ndiye aliyerudisha kufuli, akiegemeza paji la uso mlangoni.

Nyokabi hakuwa mgumu kumpata. Alikuwa mwanamke mnene, mkavu wa maneno, nyuma ya kaunta yenye chupa za dawa ya kupe. Alimsikiliza Mahira mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamweleza yaliyobaki: kwamba kuna shamba la mama hapo Dagoretti ambalo ndugu yake anataka kuliuza, kwamba mama alikataa, na kwamba tangu hapo Waithaka amekuwa akiwaambia watu kuwa mama amepoteza akili. Daktari alikuwa ameitwa kuja kumpima mwisho wa mwezi, ili akithibitisha hivyo Waithaka aweze kuliuza.

"Alimtoa masikio kwanza," Nyokabi alisema. "Halafu amwitie mtu wa kumwuliza maswali."

Jumapili ile, ibada ilipokwisha, akina mama wa kanisa la Njambi walikwenda Lavington wakiwa wamevaa sare zao, pamoja na mchungaji. Walikuwa wengi kiasi cha kujaza ile barabara tulivu. Mahira alikuwa nyuma yao, amejitanda buibui lake, na hakuna aliyemwuliza alifika pale kwa njia gani. Waithaka alitoka mwenyewe. Alisalimia kwa upole, akasema mama hayuko vizuri, hatambui watu. Wakati bado anasema, wote walimwona Njambi akikatiza nyasi, Munyiva amemshika mkono, kofia ya sufu kichwani. Njambi aliwasalimia akina mama mmoja mmoja kwa jina. Aliwauliza habari za wajukuu wao, aliyefanyiwa upasuaji, aliyejenga. Hakukosea hata mmoja. Alimpita mwanawe kama mtu anavyopita nguzo ya lango, akaingia katika gari la Nyokabi, akafunga mlango.

Sasa anaishi Dagoretti. Shamba halijauzwa. Kesi iko kortini na inakwenda mwendo wa kesi. Munyiva alifukuzwa siku ile ile. Nyokabi alimchukua dukani. Kila baada ya muda Mahira hupanda kwenda kumbadilishia mama mirija na vichujio vya nta, na hulishwa mukimo mpaka aombe radhi. Njambi anasema kuwa katika zile siku za chumba cha nyuma, kabla taa haijawaka mara ya kwanza, alizungumza na kipaza sauti kwa wiki nzima bila kujua kama kuna mtu. Anasema kulikuwa na nyakati alidhani amekwisha kufa kweli, kama walivyosema, na kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa: unaongea, na aliye na masikio yako ameyaweka kwenye droo.

Mahira akisikia hayo huinamia kazi yake, hatazami juu.

Miezi michache iliyopita Waithaka alifika kibandani. Ilikuwa mchana, jumba limejaa watu. Alisimama mbele ya kioo akiwa na sweta ile ile ya kijivu, amekonda. Mahira alidhani amekuja kugomba, akatafuta kwa macho alipo fundi wa simu. Lakini yule mtu aliongea kwa sauti yake ya chini, na Mahira akamsoma midomo.

"Ile siku ulipovaa pale sebuleni. Ulikuwa unamsikia?"

"Nilimsikia."

"Na baadaye pia."

"Na baadaye."

Aligusa ukingo wa meza. "Alisema nini kunihusu?"

Mahira alifikiria. Alizipitia zile sauti zote tena, ya ukutani, ya mlangoni, ya kitandani, akitafuta neno moja la kumpa, zuri au baya.

"Hakukutaja," alisema.

Waithaka aliinama mbele, akageuza kichwa ili sikio la kulia lielekee kioo. Macho yake yaling'ang'ania midomo ya Mahira. Mahira anaujua ule mtazamo. Ameutumia maisha yake yote.

"Umesema?"

"Nasema, hakukutaja."

Akatikisa kichwa kuonyesha hajapata. Jumba lilikuwa na kelele, redio mbili zilikuwa zikipigana, na ilimbidi Mahira asimame, asogee mpaka kwenye upenyo wa kioo, na kulisema kwa nguvu, kwa sauti iliyowafanya fundi wa simu na muuza nywele wote wawili wageuke.

"Hakukutaja hata mara moja."

Hapo alisikia. Alibaki amesimama kidogo, akizitazama mashine zilizopangwa juu ya kitambaa cheusi, za rangi ya ngozi, kila moja na mrija wake. Kisha akashukuru kwa adabu, akashuka ngazi ameshika ukuta.

Mahira alirudi akaketi. Mteja aliyekuwa amengoja pembeni, mzee wa Kawangware aliyefuata betri, alimwuliza kama yule alikuwa mteja.

"Bado," Mahira alimjibu, akamhesabia betri zake.